Kifua cha Seloteipu

Jumamosi ile, saa tisa mchana, kipande cha kifua cha deraya kilikataa kumkaa Nukta. Kingembana, mkewe angemcheka na kumwambia apunguze chakula. Lakini kilipwaya. Alhamisi tu kilikuwa kimemshika vizuri, na sasa vidole viwili vya mkewe vilipita kati ya deraya na mbavu bila kugusa kitu.

"Gundi imelegea," akasema Nukta.

Mtaa mzima ulimwita mkewe Mkasi, kwa kazi yake ya ushonaji na kwa ulimi wake, na miaka kumi na tisa ya kushona sare za shule ilikuwa imemfundisha kwamba nguo haisemi uongo. Mvaaji ndiye husema. Akachukua futi ya sentimita, akampima kifua. Tisini na nane. Wiki tatu nyuma alimpima kwa mkono huohuo na futi hiyohiyo, akaandika kwa chaki ukutani: mia na mbili. Akampima tena, naye Nukta akasimama akiangalia dari na kuhema kama mtu aliyepanda ngazi. Tisini na nane.

Msije mkamwonea huruma mapema, huyu Nukta alikuwa mtu wa kujitakia. Alikuwa fundi wa mageti, na jina alilipata kwa kuwa hakukubali kipimo kipungue hata nukta. Geti likiinama unywele mmoja alilikata upya, mteja akisonya na yeye akisonya. Mwaka ule alipatwa na wazimu wa deraya. Kulikuwa na sinema ya askari wa sayari za mbali, wamevaa deraya ya rangi ya majivu toka utosini hadi nyayoni, na mjini kulikuwa na mashindano ya watu wanaojitengenezea mavazi ya sinema. Waamuzi wake hawana mchezo. Wanakuja na picha mkononi, wanahesabu hata misumari.

Vipande vilikuwa thelathini na kimoja. Angeweza kuvichomelea kwa bati, lakini angetembeaje? Akavikata katika mikeka ya sponji ya kufanyia mazoezi, akavikunja kwa hewa ya moto, akavigundisha, akavipiga msasa na rangi mpaka ukiviona unaapa ni chuma. Kila jioni alisimamisha picha kwenye televisheni na kunakili mikwaruzo, mmoja baada ya mwingine. Mkwaruzo mmoja wa bega la kushoto ulimlia siku mbili nzima. Mkasi akapita na kitambaa kufuta kioo, na mkwaruzo ukafutika. Kumbe kilikuwa kinyesi cha nzi. Walicheka mpaka wakashika mbavu, naye Nukta akarudi kulipaka rangi bega la deraya akiwa bado anacheka.

Tatizo la kazi hii ni kwamba huwezi kuijenga deraya huku umeivaa. Unahitaji mwili wa pili wa kuijaribia, na wenzake wa mashindano walimfundisha namna ya kuupata. Nukta alivaa fulana kuukuu, akanyoosha mikono, na Mkasi akamzungushia seloteipu pana toka shingoni hadi mapajani, tabaka juu ya tabaka, akimtania kwamba anafunga zawadi asiyojua atampa nani. Kisha akaipasua mgongoni kwa mkasi, mumewe akatoka kama punje inavyotoka kwenye ganda. Mkasi akampa gunia la matambara alijaze lile ganda na kuliziba mgongoni, akarudi kwenye cherehani yake. Jioni alikuta sanamu imesimama stoo juu ya nguzo, haina kichwa, haina mikono, na kitambi ni kilekile cha mumewe.

Basi Jumamosi ile, baada ya kupima tisini na nane, Mkasi alikwenda stoo akaipima sanamu. Alitaka tu kuhakikisha kwamba futi ni nzima. Ikasoma mia na sita. Seloteipu haikuwa imechanika mahali popote.

Alirudi akakunja futi. Angesema nini? Kwamba tambara limenenepa?

Siku zilizofuata Nukta alikula sahani mbili mbili na mashavu yakazidi kuingia ndani. Hospitali walimpima damu, wakampiga picha ya kifua, wakasema mapafu ni safi kabisa. Alikohoa akivaa viatu. Alipumzika katikati ya sentensi. Mashindano yalikuwa Jumapili ya wiki iliyofuata na hakutaka kusikia neno la kuahirisha. Kila kipande alichokirekebisha kimkae yeye, asubuhi alikikuta kimerudi kukaa vizuri kwenye sanamu, akalaumu gundi, akalaumu joto, mwisho akaacha kulaumu.

Mkasi naye alianza kuisikia stoo. Akisimamisha cherehani kukata uzi, seloteipu ililia kule ndani, taratibu, inyamaze, ilie tena, na alipoanza kuhesabu aligundua kwamba inalia kwa mwendo wa mtu anayehema usingizini. Harufu pia ilikuwepo. Ilikuwa ya kinywa cha mtu aliyelala mno, harufu aliyoijua, kwa sababu kila asubuhi aliamka ikiwa karibu na pua yake. Ila kitandani haikuwepo tena. Nukta siku hizi hakuwa na harufu yoyote.

Jumanne adhuhuri, jua likiwa kali uani na watoto wa jirani wakipiga kelele za kutoka shule, walikubaliana kujaribu deraya nzima. Mgongoni kulikuwa na bizimu sita za mikanda ambazo mvaaji hawezi kuzifikia. Lazima mtu mwingine amfunge. Nukta akasema anatangulia stoo. Mkasi alimalizia pindo la sketi, akanawa mikono, akaingia stoo, akamkuta amesimama tayari, kofia kichwani, mabega na kifua vimekaa sawasawa, amempa mgongo.

Alifurahi, wallahi alifurahi. Alipoingiza mkanda wa kwanza alikuta kifua kimejaa, kimeshiba deraya, hakuna hata nafasi ya kupitisha kidole, akamwambia mumewe kwamba afadhali leo amerudi mwili, kwamba ile supu imefanya kazi. Mumewe hakujibu, naye akadhani ni kofia. Akafunga bizimu ya pili na ya tatu, akimsimulia habari za mteja aliyerudisha suruali, na chini ya viganja vyake aliusikia mgongo ukipanda na kushuka, ukipanda na kushuka bila kikohozi, pumzi ndefu za mtu mwenye afya, akashukuru moyoni. Akafunga ya nne, akafunga ya tano.

"Mke wangu," Nukta akaita kutoka uani, alikosimama kuhema. "Unaongea na nani?"

Mkasi alibaki na bizimu ya sita mkononi, na mkono hauachii, na miguu haisogei, na mbele yake ule mgongo unaendelea kupanda na kushuka huku seloteipu ikilia chini ya sponji, na akili yake yote imeng'ang'ania jambo moja la kipuuzi, kwamba nguzo haina miguu, kwamba aliiona mwenyewe haina miguu, mpaka akainamisha macho akaona mabuti mawili ya deraya yamekanyaga sakafu, na ncha zake zinaanza kugeuka kumwelekea yeye. Akaachia. Yule wa ndani akavuta pumzi moja kubwa, na kule uani, wakati huohuo, Nukta akaanguka.

Wifi yake Mkasi, dada yake Nukta, ndiye aliyemleta mganga alfajiri iliyofuata. Usiku kucha walikuwa wamekaa kitandani kwa mgonjwa, mlango wa stoo umekomewa na cherehani imesukumwa mbele yake, na wifi mtu hakuacha kumtazama Mkasi kwa jicho la pembeni, la kuuliza umemfanya nini kaka yangu.

Mganga alikuwa mwanamke mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba. Aliuliza maswali kama fundi bomba: lini ilianza, nani aliitengeneza, ndani kuna nini. Aliingia stoo peke yake, akakaa kitambo, akatoka akijifuta jasho.

"Matambara siyaogopi," akasema. "Kifuani kuna nini?"

Mkasi akasema ni matambara tu. Kitandani, Nukta akatikisa kichwa.

"Hayakutosha," akasema. "Nikatia puto."

"Ulilipuliza kwa pampu?"

"Kwa mdomo."

Mganga akavua miwani. Hakupandisha sauti. Aliwaambia kwamba majini wako kila mahali na wengi hawana haja na mtu. Lakini wamo wasio na mwili, wanaozunguka kama mpangaji aliyefukuzwa, na Nukta na mkewe walikuwa wamemjengea mmoja nyumba ya kipimo cha mtu, wakamwekea jasho la mtu, wakampa na pumzi ya kuanzia. Sasa alikuwa akiivuta iliyobaki, kidogo kidogo, na leo kabla ya jua kutua angeimaliza.

"Nitalitoboa," Mkasi akasema. Mkono wake ulikuwa tayari mfukoni, kwenye mkasi.

"Ukilitoboa, pumzi inapotea na mumeo anaifuata. Lazima irudi ilikotoka, kinywani."

Walijaribu kuibeba sanamu hadi kitandani, wanawake watatu. Tambara na hewa, na hawakuisogeza hata inchi. Mgonjwa naye hakuruhusiwa kubebwa hadi stoo, maana angeishiwa njiani. Ikabaki njia moja. Mtu aliyelala mto mmoja naye angefungua fundo la puto, aipokee pumzi ya kwanza kutoka, ndiyo yenyewe, aiweke mashavuni kama maji ya kusukutua, aivushe hadi kitandani na kumpulizia. Asivute hewa. Asijibu atakaloulizwa.

"Na usimeze," mganga akasema. "Hata tone. Ukimeza umemkaribisha."

Wifi mtu ndipo alipomshika Mkasi mkono, akasema, "Nisamehe, wifi." Ndilo neno pekee jema alilomwambia mwezi ule, na Mkasi aliliona zito kuliko hofu yake.

Aliifungua deraya mgongoni, bizimu tano, akapasua seloteipu, akapenyeza mkono katika joto lililokuwa mle ndani, joto la kitanda, mpaka akalipata fundo. Akaweka mdomo. Pumzi ikaingia na ladha ya Nukta wa asubuhi zote, naye akafunga midomo, akageuka, akaanza kutembea.

Kutoka stoo hadi kitandani ni hatua ishirini na mbili. Kwenye ya tano ulimi wake ulianza kucheza wenyewe.

*Mke wangu,* ikasema mle mashavuni, kwa sauti ya mumewe, ndogo, bila kinyongo. *Unanipeleka wapi?*

Akapita cherehani. Macho yalimtoka, kifua kiliwaka, na bado kulikuwa na chumba kizima mbele yake, na sauti haikunyamaza. Ilimwambia kwamba kule kitandani hakuna mtu tena, ni nguo tu na mifupa, kwamba amtazame mwenyewe, na Mkasi akatazama kupitia mlango ulio wazi, akaona kifua cha mumewe kimelala tuli chini ya shuka, hakipandi, hakishuki, na wifi yake amejifunika uso kwa mikono miwili, na moyo wake ukakatika. *Nimebaki mimi tu, na ukinipulizia maiti nitapotea,* ikasema. *Niweke kwako. Huko kuna joto.* Na hapo, mlangoni, hatua tatu kutoka kitandani, mwanamke asiyewahi kudanganywa na nguo ya mtu alisita, kwa sababu kama hicho ndicho kilichobaki cha mumewe basi angekitupaje, na koo lake likapanda na kushuka mara moja.

"Kope imetikisika," wifi akapiga kelele. "Wifi, yu hai, njoo!"

Akaruka. Akambana Nukta mdomo kwa mdomo, akampulizia kila alichokuwa nacho mashavuni mpaka akaanguka juu yake. Nukta akakohoa, akavuta hewa kwa mlio wa mlango wa zamani, akafumbua macho. Kule stoo kitu kizito kikaanguka, halafu kikawa chepesi, na walipokwenda kuangalia walikuta matambara sakafuni, seloteipu imenywea, na mabuti mawili ya sponji yamelala ubavu.

Mganga alimuuliza Mkasi mara moja tu kama alimeza. Mumewe alikuwa ameketi anaomba uji, wifi yake analia kwa furaha. Mkasi akatikisa kichwa kwamba hapana.

Nukta alipona haraka. Deraya aliichoma moto mwenyewe, vipande vyote thelathini na kimoja, na Jumapili ya mashindano alishinda kutwa amelala. Baada ya mwezi akawa amerudia mia na mbili, na kitambi juu. Nyumba ilitulia, stoo ikarudi kuwekwa majora ya vitambaa, na wifi mtu alianza kuja kula kila Ijumaa.

Asubuhi moja Mkasi alikaa kwenye cherehani kutunga uzi kwenye sindano. Uzi ukakosa tundu. Akafanya kama afanyavyo kila fundi: akabana pumzi ili mwili utulie. Uzi ukakosa tena. Akabana zaidi, midomo ameifunga, pua ameiziba kwa vidole viwili, akahesabu hadi ishirini, hadi hamsini, hadi mia, huku Nukta akipiga mluzi uani, na alipoinamisha macho aliona vifungo vya blauzi yake vinapanda na kushuka, vinapanda na kushuka, taratibu, pumzi ndefu za mtu mwenye afya.