Mkate Usiotiwa Chumvi

Nzi hawakuugusa ule mkate. Ulikaa kwenye sinia tangu asubuhi, na nzi wa kiangazi, ambao hata kidonda cha punda hawakiachi, waliuzunguka kwa mbali. Ulinuka shombo. Feyzi, mpishi wa gavana Numan Pasha, aliufunika kwa kitambaa asiuone.

Aliuoka bila chumvi kwa amri. Pasha alikuwa amewaita wakuu wa waasi wa Kiserbia waje kupatana, bila silaha. Na pande zote mbili zajua: ukila mkate na chumvi na mtu, damu yake ni haramu kwako.

"Basi chumvi usitie," Pasha alimwambia, akicheka. "Nikishiba nitasema 'Alhamdulillahi', na askari mlangoni watajua kazi yao."

"Efendi, chakula kisicho na chumvi ni cha... wale wasioonekana," Feyzi alinong'ona. "Bibi yangu alituonya. Ukiwapikia, umewaalika."

"Pika, mwoga wee!"

Alipika. Jina la Mungu kufanywa ishara ya kuchinja wageni!

Adhuhuri waasi watatu waliketi. Mkubwa wao, mzee Radojko, alimega, akatafuna, akasita.

"Pasha, mpishi wako kasahau chumvi."

"Ndivyo ninavyokula," Pasha alijibu, mdomo umejaa.

"Tangu lini, bwana?" Mzee akatoa kifuko cha chumvi anayowalambisha kondoo wake, akanyunyiza mkate wake na wa wenzake, nyingine ikamwagika kwenye sinia. "Na wewe?"

Pasha akafunika mkate wake kwa kiganja.

Hapo shombo likapanda, na Feyzi, aliyesimama nyuma na birika, akasikia kutafuna, si kwa kinywa kimoja bali kwa vinywa vingi, ndani ya mashavu ya Pasha, na ute wa kijivu wenye manyoya ukamchuruzika ndevuni, naye akawa anajishindilia mkate kwa mikono miwili, macho yamemtoka, huku askari mlangoni wakingoja neno ambalo halikuweza kutoka, kwa kuwa kinywa hakikuisha kujaa.

Feyzi akaokota chumvi kwenye sinia. "Onja, efendi. Kidogo tu, watakuacha."

Pasha aliitazama chumvi. Akaitazama shingo ya Radojko. Akatikisa kichwa.

Wageni wakaondoka kwa miguu yao, hakuna aliyewagusa.

Alasiri Feyzi alirudi kuchukua sinia. Pasha alikuwa palepale, mashavu yakicheza.

"Mpishi," zikasema sauti tatu kwa pamoja kutoka kinywani mwake, kwa adabu, "mkate umekwisha. Sasa tunamla huyu. Usimtie chumvi."

Feyzi alikuwa bado na ile chumvi kiganjani. Alimtazama bwana wake, na macho ya bwana wake yakamwomba. Akazikumbuka zile shingo tatu. Akailamba chumvi yote mwenyewe, akatoka, akafunga mlango.