Muziki wa Kusubiri

Kibaraza cha Mama Lightness pale Bombambili, Songea mjini, hakikuwahi kujua upweke. Jua likishakausha umande kwenye mabati, wanawake walianza kufika mmoja mmoja, kila mmoja na pakiti ya rasta mkobani na habari mpya mdomoni. Viti vya kusukia vilikuwa vitatu tu. Waliokosa viti walikaa juu ya ndoo, wengine ngazini, wengine waliegemea nguzo; lakini kuondoka, hapana. Nani aondoke wakati Mama Aloyce hajamaliza kusimulia bwana harusi aliyeazima viatu vikambana mpaka akaingia ukumbini peku?

Judica, binti wa mwisho wa nyumba hiyo, alikuwa darasa la sita. Akitoka shule alivua sare, akala ugali wake haraka haraka, akaja kukaa karibu na miguu ya mama yake kutenganisha rasta. Mikono ilifanya kazi, na masikio yalifanya kazi zaidi. Habari ikimfikia Judica mchana, jioni iko bombani, tena ikiwa imetiwa chumvi. Wanawake walimpa jina la Redio Bombambili, naye akalivaa kama kofia.

Hapo kibarazani ndipo alipoisikia habari ya Simu ya Mama. Kikundi cha wauguzi kilikuwa kimefungua chumba kidogo kule Mjimwema. Mjamzito mwenye tatizo, hata kama hana salio, alitakiwa kubipu tu namba yao, yaani kupiga na kukata kabla haijapokelewa. Kompyuta ingempigia kupitia mtandao, muuguzi angezungumza naye, na hali ikiwa mbaya, gari lingemfuata.

"Ukibipu wanakupigia kweli?" Judica aliuliza.

"Kwani wewe una mimba?" Mama Aloyce alimdaka, na kibaraza kizima kikaangua kicheko.

Jioni hiyo Judica alichukua kitochi, ile simu ndogo ya mama yake, akaenda nacho nyuma ya nyumba, yeye na rafiki yake Clinton. Akabipu. Hata hawajahesabu kumi, simu ikaita.

"Karibu Simu ya Mama. Tafadhali subiri, muuguzi atazungumza nawe," ilisema sauti ya kompyuta. Kisha kikaanza kinanda: ti-ri-ti, ti-ri-ti, pam! Ti-ri-ti, ti-ri-ti, pam! Muziki wenyewe ulikuwa mtamu ajabu. Clinton akarusha bega. Judica akazungusha kiuno. Walipofika kwenye "pam" ya sita, sauti ya mwanamke ikasema, "Haloo, habari yako mama?" Wakacheka mpaka wakakaa chini, wakakata simu.

Kesho yake walikuwa watoto sita. Keshokutwa hawakuhesabika. Kila mmoja alikuja na simu ya mzazi. Wakabipu kwa pamoja, wakaweka sauti kubwa, wakacheza. Wengine hawakutaka hata muziki. Walitaka simu iite tu mbele za watu. Clinton alikuwa akipokea kwa sauti nzito, mkono mmoja mfukoni: "Ndiyo, bosi. Mzigo umefika. Nitumie na lori la pili." Mtaa mzima ulikuwa ukivunjika mbavu.

Jumamosi moja mteja mwenye ujauzito mkubwa aliketi kusukwa huku akijipepea kwa kanga.

"Jamani, ile simu ya Mjimwema imebaki jina," alilalamika. "Nimebipu tangu asubuhi, kimya. Nikibahatika kupigiwa, sauti inakatika kama mtu anayeongea huku anatafuna bisi."

Mama Lightness aliacha kusuka kidogo. "Judi, ule mchezo wenu wa simu mmeacha?"

"Tumeacha, mama," Judica alijibu bila kuinua kichwa. Walikuwa wameucheza asubuhi ile ile.

Likizo ya Desemba ilipofika, Judica alipelekwa Mpitimbi kumsaidia dada yake mkubwa, Lightness, aliyekuwa na mimba ya miezi minane. Nyumba ya Lightness na mumewe Wendelini ilikuwa pembeni kidogo ya kijiji, karibu na barabara. Zahanati ilikuwa ng'ambo ya kijito, mtu anavuka kwa daraja la magogo.

Asubuhi moja Wendelini aliondoka mapema kwenda mjini kufuatilia mbolea, na foleni ya mbolea inajulikana. Mtu huaga kwake kama anayesafiri. Judica akaenda bombani. Huko aliwakuta watoto wameizunguka simu moja, wanarusha mabega. Ti-ri-ti, ti-ri-ti, pam!

"Dada, huu mchezo umetoka mjini, sisi wote tunaujua," binti mmoja alimwambia kwa maringo.

"Nyie!" Judica akaweka ndoo chini. "Huo mchezo nimeuanzisha mimi!"

Walimtazama kama mgeni rasmi. Alirudi nyumbani kichwa kikiwa juu kuliko ndoo.

Alimkuta Lightness amelala mkekani, kanga imebanwa usoni.

"Judi, kichwa kinapasuka," alisema. "Na macho yangu yanaona vimulimuli."

Judica aliitazama miguu ya dada yake. Ilikuwa imevimba, kandambili zimeacha alama kama kamba. Akakimbilia mlangoni kwenda zahanati, na hapo ndipo mvua iliposhuka. Haikuwa manyunyu. Ilikuwa mvua ya Desemba ya Songea, ile inayopiga mabati mpaka watu wanazungumza kwa ishara. Alitoka hivyo hivyo hadi kijitoni, akarudi amelowa chapachapa, anatetemeka.

"Dada, daraja halionekani. Maji ya kutoka milimani yamelifunika."

"Majirani?"

"Wote wako mashambani, dada. Nyumba zimefungwa."

"Basi, usiniache tena," Lightness alisema, akamshika mkono na kuung'ang'ania. "Bipu Simu ya Mama. Namba nimeihifadhi kwenye simu yangu."

Kitochi cha Lightness hakikuwa na salio hata la kutuma ujumbe, na chaji ilikuwa imebaki vistari viwili. Judica alibipu. Akaiweka simu kifuani, akasubiri. Mvua iliendelea kupiga mabati. Simu haikuita.

"Bipu tena," Lightness alisema.

Akabipu tena. Kimya. Akabipu tena na tena, kidole kikateleza kwa jasho. Ghafla simu ikaita, naye akaidaka kwa mikono miwili.

"Karibu Simu ya Mama. Tafadhali subiri..."

Ti-ri-ti, ti-ri-ti, pam!

Muziki ule ule, dansi ile ile. Dada yake aliugulia mkekani na kinanda kikaendelea kurukaruka kwa furaha. Pam! Pam! Kisha mlio wa tuu, tuu. Simu imekatika.

"Wamesema nini?" Lightness aliuliza, macho ameyafumba.

Hapo Judica alijiona yumo ndani ya chumba kisicho na mlango. Mbele kuna kijito, nyuma kuna nyumba zilizofungwa, juu mabati yanaunguruma, na simu iliyo mkononi, yeye mwenyewe ndiye aliyeiziba. Wakati huo huo, huko kijijini na Bombambili na kwingine ambako hakukujua, watoto walikuwa wanacheza katika nafasi ya dada yake. Alitaka kumwambia. Alichoweza kusema ni, "Kuna foleni, dada."

"Foleni ya nini? Wajawazito wote wa Ruvuma wameumwa leo?"

Judica aliitazama simu. Chaji ilikuwa imebaki kistari kimoja. Akaacha kubipu, akaiweka simu magotini, akaanza kulia polepole ili dada yake asisikie.

Simu ikaita. Safari hii hakukuwa na muziki mrefu. Sauti ya mwanamke ikasema kwa uchovu, "Haloo. Kama ni watoto tena, nawaomba mtuachie laini."

"Shikamoo sista! Dada yangu anaumwa!"

"Marahaba. Mwenzako naye amesema hivyo hivyo sasa hivi, kisha wakacheka wote. Mpe simu mtu mzima."

Judica akaisogeza simu mdomoni kwa Lightness, lakini Lightness alitoa maneno yasiyoeleweka, mvua ikayameza. Upande wa pili muuguzi alishusha pumzi. Judica alijua kinachofuata. Simu ingekatwa, na ingekuwa haki yao kukata.

"Sista, usikate!" alipiga kelele. "Naitwa Judica Komba. Nyumbani ni Bombambili, mama yangu ni Mama Lightness, yule msusi, muulize mtu yeyote. Ule mchezo wa kubipu nimeuanzisha mimi. Mimi mwenyewe! Mama aliniuliza nikamdanganya. Mnishtaki tu, nitakuja. Lakini leo sichezi. Niko Mpitimbi, dada ana mimba ya miezi minane, miguu imevimba, kichwa kinamuuma, anaona vimulimuli, na kijito kimejaa!"

Mkono wa Lightness ulikuwa bado umemshika, na Judica alijua dada yake amesikia kila neno.

"Rudia jina lako," muuguzi alisema.

"Judica Komba."

"Sikiliza, Judica. Tangu mchezo huo uanze nimepokea vicheko vingi, hakuna hata kimoja kilichoniachia jina. Wewe umeniachia jina, na la mama yako juu. Nakuamini. Mlaze dada yako ubavu wa kushoto. Asinyanyuke, asi... tembee, asifa... kazi... Unanisikia? Sauti inakatika, laini zimejaa."

"Ubavu wa kushoto, nimesikia!"

"Gari linatoka sasa hivi. Nyumba iko upande gani wa kijito?"

"Upande wa barabarani, sista. Ina mlango wa bluu."

"Fungua huo mlango, tundika kanga nyekundu kama ipo ili dereva aone. Na usibipu tena hata kidogo. Kila..."

Kitochi kikazima.

Judica alimgeuza dada yake ubavu wa kushoto. Akafungua mlango, akatundika kanga. Kisha akakaa, mkono wake ukiwa bado umefungwa ndani ya mkono wa Lightness, akautazama mlango ule na barabara nyekundu inayotiririka maji. Walisubiri mpaka gari likaonekana, limejaa tope hadi kwenye vioo, na dereva anapiga honi kana kwamba analeta bibi harusi.

Lightness alijifungua hospitalini siku ile ile, mtoto wa kiume mdogo kama kopo la mafuta, lakini mwenye kelele za kutosha wodi mbili. Daktari alisema ilikuwa presha ya ujauzito, na kama wangechelewa zaidi wangempoteza mama, pengine na mtoto.

Mama Lightness alisimuliwa yote na Judica mwenyewe, kwenye benchi la nje ya wodi. Hakumpiga wala hakumfokea. Alinyamaza, na kwa mwanamke yule kunyamaza kulikuwa adhabu nzito kuliko fimbo. Mwishowe akasema, "Umesema utakwenda kwa wale watu. Twende."

Chumba cha Simu ya Mama kilikuwa kidogo kuliko Judica alivyodhani. Meza mbili, vipokea sauti vya kichwani, kompyuta moja iliyonguruma kama friji kuukuu. Fundi aliitwa Fulgence, kijana mcheshi mwenye kalamu nyuma ya sikio. Sista Kunegunda, yule wa kwenye simu, alikuwa mwanamke mfupi mwenye macho yaliyokosa usingizi.

"Shikamoo sista. Shikamoo kaka. Nimekuja kuomba radhi," Judica alisema, macho sakafuni.

Fulgence alimvutia kiti. "Mama yako ana viti vingapi vya kusukia?"

"Vitatu."

"Wakija wateja arobaini?"

"Wanasubiri."

"Na kama thelathini na tano kati yao hawataki kusukwa, wamekuja kukalia viti tu na kucheka?"

Mama Lightness akaguna.

"Kompyuta hii inapokea bipu, inazipanga, inapiga," Fulgence aliendelea. "Lakini mazungumzo inayoweza kubeba kwa wakati mmoja yana kikomo. Yakizidi, sauti zinakatika, nyingine zinaanguka kabisa. Na mtu akiona kimya anabipu tena, kazi inaongezeka, kimya kinazidi. Sasa nimerekebisha. Namba ikibipu mara kumi, inahesabiwa moja. Wajawazito wakisajili namba zao, wanatangulia mbele ya foleni. Na wiki ijayo tunaongeza kompyuta ya pili, moja ikizidiwa nyingine inapokea. Ila kuna kitu kimoja sijapata dawa yake."

"Kitu gani?"

"Redio Bombambili," alisema, na hata Mama Lightness akacheka kidogo.

Jumamosi iliyofuata kibaraza kilijaa kuliko siku zote, maana habari za mtoto zilikuwa zimefika kila kona. Judica alisimama juu ya ndoo, Clinton na wenzake wakiwa wamepangwa ngazini kwa amri ya mama zao. Alisimulia yote, kuanzia mchezo hadi kitochi kilivyozima, na kwa mara ya kwanza maishani hakuongeza chumvi. Wanawake walisahau hata kusengenya. Kisha akawaomba wajawazito wote waandikishe namba zao, na Mama Aloyce akawa wa kwanza kumleta mkwe wake mjamzito mbele.

Sista Kunegunda alikuwa amekuja pia. Alikuwa amekaa kwenye moja ya vile viti vitatu. Aliinuka.

"Watoto wangu, siku ile laini yetu haikuzidiwa na wagonjwa. Ilizidiwa na vicheko. Kitu cha watu wote ukikichezea, kuna mtu unamkalia kiti chake, na humwoni. Anaweza kuwa mgeni, anaweza kuwa dada yako. Na wewe ukikosea, sema mapema, tena kwa jina lako. Judica aliposema kweli alidhani anajifunga. Kumbe alikuwa anafungua mlango."

Akatazama kile kiti, akamwita kwa mkono yule mteja mwenye ujauzito mkubwa, aliyekuwa ameegemea nguzo siku nzima.

"Njoo ukae, mama. Zamu yako."