Begi Lililoshonwa na Ndugu

Kila asubuhi, kabla hajachota maji wala kufagia uwanja, Silantoi alikanda goti lisilokuwa lake. Alichovya kitambaa kwenye maji ya moto, akakikamua, akakibandika kwenye goti la kulia la baba yake, Kisioki, kisha akakishikilia kwa viganja vyote viwili mpaka kikapoa. Mara tatu. Baba alitazama mlango tu, meno yameumana.

Habari za goti hilo Silantoi alizijua vizuri. Baba alikuwa mbeba nyama kwenye kambi moja ya uwindaji yenye kibali, mbali huko nyikani. Mwindaji akiangusha nyati mahali ambapo gari halifiki, baba na wenzake huchuna, hukatakata, hutia vipande kwenye mabegi ya mgongoni na kutembea navyo saa mbili au tatu hadi garini. Mwaka jana, akishuka korongo na mzigo wake, alianguka. Goti likateguka, nyama ikabingirika mchangani, na msimamizi wa kambi akamrudisha nyumbani Sombetini kabla msimu haujafika nusu.

"Niliteleza," baba alimwambia Silantoi siku aliyorudi akichechemea. "Ningekuwa mwangalifu, nisingeanguka."

Silantoi aliamini. Mama yake, aliyekuwa akifanya kazi Babati na kurudi kila mwisho wa mwezi, naye aliamini. Majirani waliamini pia, na wengine walicheka.

Sasa shule zilikuwa zimefungwa na msimu mpya ulikuwa unakaribia. Msimamizi alikuwa amepiga simu. Baba aje ajaribiwe tena, ila aje na begi lake mwenyewe, begi imara. Akianguka mara ya pili, asirudi. Lori lingeondoka Alhamisi asubuhi.

Ijumaa, baba mdogo Lesian alifika na begi begani. Lesian alikuwa fundi wa mabegi, mwenye cherehani mbili na jina kubwa. Kampuni zinazopandisha wageni Mlima Meru zilimpa kazi.

"Kaka, hili nimekushonea kwa mkono wangu," alisema, akilizungusha begi kama anayeonyesha ng'ombe mnadani. "Turubai jipya, zipu ya chuma, mifuko minne. Lakini safari hii usilijaze kama lori la mahindi, eh! Mwaka jana ulilijaza lile nililokushonea mpaka ukaniharibia jina."

Akacheka. Baba naye akacheka, kicheko kifupi kisichofika machoni.

Lesian alipoondoka, Silantoi alilishika begi. Lilinukia upya. "Baba, tulitundike?"

Ndivyo baba alivyomfundisha tangu akiwa mdogo. Begi la nyama haliaminiwi kwa macho tu. Unalijaza mchanga, unalitundika kwenye boriti, unaumwagia maji mchanga ule, maana nyama mbichi hutoa damu na damu hulowesha mshono. Kisha unalivuta juu na kuliachia ghafla, kama mtu anayeruka mfereji. Likihimili, unalibeba. Lisipohimili, unamrudishia mwenyewe.

"Halitundikwi," baba alijibu.

"Mbona lile la kwanza, ulilonunua sokoni, ulilitundika siku nzima?"

"Lile lilitoka kwa mtu baki. Hili limetoka kwa ndugu yangu, tumbo moja. Watu wakiona mchanga unaning'inia hapa watasema Kisioki anamkagua mdogo wake. Unataka niaibike?"

"Na la mwaka jana, ulilitundika?"

Baba alichukua fimbo yake, akatoka nje.

Jumamosi baba alikwenda kanisani kwenye kikao cha wazee. Silantoi alimwita Tabea, binti wa jirani, waje wajaze begi kwa mchanga alioubakiza fundi ujenzi.

"Ukichapwa, mimi sikuwepo," Tabea alisema, huku akiinua ndoo.

"Utasema ulikuwa wapi?"

"Nimelala. Tangu jana."

Walilijaza begi, wakalitundika kwenye boriti ya jikoni, wakamwaga maji. Walilivuta kwa kamba na kuliachia. Mara ya kwanza, zipu ya chuma iliuma mchanga ikakataa kurudi. Mara ya pili, begi lilijikunja mgongoni, kwa kuwa kilichoonekana ubao mgumu wa ndani kilikuwa boksi la biskuti, na boksi limelowa. Mara ya tatu mkanda wa bega ulichomoka. Begi likaanguka kwa kishindo, mchanga ukatapakaa mpaka mafigani.

Tabea aliweka ndoo chini.

Silantoi alichutama akashika mkanda. Uzi uliokatika ulikuwa wa pamba, mweupe na mlaini, uzi wa kushonea vifungo vya shati. Aliingia stoo, akasogeza viroba vya maharage, akalitoa begi la mwaka jana, ambalo baba alikataa kulitupa na pia alikataa lionekane. Mkanda wake ulikuwa umechomoka mahali pale pale. Aligeuza mshono kwenye mwanga wa mlango.

Uzi mweupe. Wa pamba.

"Kumbe hakuteleza," alinong'ona.

Jumapili baada ya ibada ukoo ulikutana nyumbani kwa Koko, bibi yake, kule Sekei. Chai ilikuwa imemiminwa, na Lesian alikuwa anasimulia jinsi wageni wanavyoyasifu mabegi yake. Silantoi aliingia na kiroba. Aliwaamkia wote, mmoja mmoja, shikamoo ikamfikia hata wa mwisho. Kisha akaweka mikanda miwili mezani, kati ya vikombe.

"Huu ni wa mwaka jana," alisema. "Huu ni wa juzi. Baba mdogo, naomba utuambie huu ni uzi gani."

Lesian alisogeza kikombe chake kando.

"Kisioki," Lesian alisema polepole, "mtoto wako ana adabu ya wapi?"

"Mimi naulizia uzi," Silantoi alisema. Hakuinamisha kichwa. "Jana nilipita karakana yako. Mabegi ya wageni umeyashona kwa naironi nyeusi, mishono miwili miwili. Kwa nini la baba ni pamba?"

"Naironi ilikuwa inaisha!" Lesian alifoka. "Nina wateja! Begi la mgeni likikatika linarudi, na kazi inaondoka. Ndugu… ndugu anaelewa."

"Ndugu harudishi begi," Koko alisema. Alikuwa mzee mwembamba, masikio yake yamening'inia kwa uzito wa hereni za ujanani. "Ndicho ulichotaka kusema. Malizia."

Lesian alikoroga chai yake. Koko akamgeukia mwanawe mkubwa.

"Kisioki, ulijua?"

Baba aliusokota mkanda wa zamani vidoleni.

"Nilijua siku ile ile, mama. Nikiwa bado nimelala korongoni. Mkanda ulikuwa mkononi mwangu, nikauona uzi."

"Na ukanyamaza?"

"Ni mdogo wangu."

Mwaka mzima Silantoi alikuwa amelikanda goti lile, na mwaka mzima baba alikuwa amemwacha aamini ni uzembe wake mwenyewe. Alimtazama Lesian, akamtazama baba, akashindwa kujua ni yupi aliyemuumiza zaidi. Alitoka nje akalia karibu na migomba, na hakuna aliyemfuata.

Jumatano baba alimwita asubuhi. "Twende Tengeru," alisema bila kumtazama. "Ni siku ya soko. Njoo unisaidie kuchagua."

Mama Irine aliuza mabegi ya mitumba pembeni kabisa mwa soko, juu ya turubai lililotandazwa chini. Silantoi alipiga magoti kati ya mabegi kama mtu anayepalilia. Alivuta mikanda, akaipindua, akaingiza ngumi ndani, akanusa.

"Wewe binti, unanunua begi au unachumbia?" Mama Irine aliuliza, na wauzaji wenzake wakaangua kicheko.

"Nachumbia, mama. Nataka lenye tabia nzuri."

"Basi chukua hili jekundu. Zuri, jipya, lina mifuko mingi."

"Mifuko mingi ina mishono mingi. Na zipu ikishika mafuta na mchanga haifungi tena." Aliliweka kando. Baba, ambaye hakuwa amecheka kwa siku tatu, alijikuna shavu kuficha mdomo.

Chini kabisa ya rundo alilikuta. Rangi yake ilikuwa imepauka, ya majivu, na mtu alikuwa ameandika herufi zake kwenye kifuniko kwa kalamu. Lakini mgongoni lilikuwa na fremu ya bomba jepesi. Mikanda ya mabegani ilikuwa mipana, yenye sponji isiyobonyea. Lilifungwa kwa kamba na klipu, bila zipu. Mishono ilikuwa miwili kila mahali, kwa uzi mgumu uliokataa kufumuliwa kwa kucha. Na chini lilikuwa na mkanda mnene wa kiunoni.

"Baba, vaa."

Walilijaza viazi vya jirani wa Mama Irine, debe moja kwanza, kisha nusu nyingine. Silantoi alifunga mkanda juu ya nyonga za baba, akaukaza, halafu akalegeza kidogo mikanda ya mabegani. Baba alipiga hatua tano. Akasimama. Akapiga kumi.

"Mzigo umehama," alisema kwa mshangao. "Umeshuka kutoka mabegani, umekaa nyongani."

"Na goti?"

"Linauma. Litaendelea kuuma." Alimtazama binti yake kwa mara ya kwanza tangu Jumapili. "Lakini siyumbi."

Jioni ile, uani, mbele ya majirani wote wenye macho, baba mwenyewe alilijaza mchanga, akalitundika na kulimwagia maji. Lilining'inia mpaka asubuhi. Hakuna uzi uliokatika.

Alhamisi, baba alikuwa amesimama mlangoni na begi mgongoni, mifuko safi ya kitambaa ya kufungia nyama imekunjwa ndani yake. Koko alikuwa ameshuka kutoka Sekei kumbariki. Ndipo Lesian akaingia uani. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Shikamoo, baba mdogo," Silantoi alisema.

Lesian hakuitikia. "Kampuni mbili zimesikia," alimwambia kaka yake. "Zimetuma watu kufumua mabegi yangu waangalie uzi. Mimi! Nimekaguliwa kama mwizi kwa mdomo wa mtoto. Sitaki mengi, Kisioki. Aniombe radhi hapa, mbele yako, yaishe."

Baba alishusha pumzi. Alikuwa anaondoka kwa miezi mitatu, na huyu alikuwa ndugu yake wa pekee. "Silantoi," alisema kwa upole, "mwombe baba yako mdogo radhi. Niondoke na moyo mweupe."

"Subiri," Koko alisema, akaegemea fimbo yake. "Kabla mtoto hajajibu, nanyi mnisikie. Nimewafundisha nyie wawili kuheshimiana, na nimewafundisha vibaya. Wewe Lesian umedhani heshima ni kumpa ndugu yako kazi mbovu kwa kuwa hatalalamika. Wewe Kisioki umedhani heshima ni kulala korongoni na kunyamaza. Kazi inayobeba mwili wa mtu inafanywa kwa ukweli, na anayeona kasoro anasema, hata fundi akiwa wa tumbo moja. Mtoto huyu ametutendea haki. Basi. Sasa ajibu mwenyewe."

Wote walimgeukia Silantoi. Alilitazama goti la baba lililovimba chini ya suruali. Alimtazama Lesian, aliyewahi kumshonea mkoba wa shule, ambao bado aliutumia.

"Baba mdogo," alisema, "ukija nitakuamkia. Nitakuletea kiti na chai. Ukiugua nitakuja kukuona. Lakini begi lilikatika, na wewe ulijua litakatika. Radhi siombi."

"Silantoi!" baba alisema.

"Siombi, baba. Leo siombi, na ukirudi utakuta sijaomba."