Kidoti Achagua Kihariri

Kitendawili! Shamba langu jeusi, mbegu zangu za rangi, na jembe langu ni vidole. Haya, tegua. Usiseme usiku na nyota, nyota hazipandwi. Umeshindwa? Basi nipe mji. Ahsante, nimeupokea. Jibu ni kihariri, yaani programu ya kuandikia kodi kwenye kompyuta. Wala si ile kodi anayoidai mwenye nyumba, usikimbie! Kodi hii ni maagizo ambayo kompyuta hupewa ili ionyeshe kurasa za tovuti.

Basi palikuwa na msichana wa darasa la sita aliyekuwa na alama ndogo nyeusi shavuni, na kwa hiyo watu walimwita Kidoti. Kila siku akitoka shule alivua sare, akala, akaosha vyombo, kisha akaketi karibu na cherehani ya mama yake, penye kompyuta kuukuu aliyoachiwa na binamu yake. Mama alikuwa fundi wa nguo. Yeye akikanyaga cherehani, trrr, trrr, Kidoti naye anabonyeza vitufe, tak, tak, tak.

Mwezi huo Kidoti na wenzake wa chama cha kompyuta cha shuleni walipewa kazi: kila mmoja atengeneze ukurasa unaoonyesha kazi ya mtu wa nyumbani kwake. Ijumaa, siku ya wazazi, kurasa zote zingeonyeshwa ukutani kwa projekta. Kidoti alichagua kazi ya mama. Mama akashona gauni la mfano, la buluu lenye kola nyeupe, likapigwa picha.

"Mwanangu, wateja wamepungua," mama alisema. "Wazazi wenzangu wakiliona gauni hili, huenda kazi ikarudi. Nakutegemea wewe."

Mwalimu alimwachia kila mtu achague kihariri chake. Rafiki yake Kidoti, aliyeitwa Kobe kwa sababu hakuwa na haraka hata ya kula, alichagua kidogo na chepesi. Kilipaka maneno rangi na kuonyesha namba za mistari, basi. Kidoti alichukua kile kikubwa anachotumia binamu yake, ambaye kompyuta ndiyo kazi yake. Ukiandika herufi mbili, chenyewe kinamalizia mstari. Ukiburuta picha, chenyewe kinaandika mahali pa kuichukua.

"Hicho chako cha watoto wa chekechea," Kidoti alimcheka mwenzake. "Changu kinaandika chenyewe!"

"Na wewe unafanya nini?" Kobe akamuuliza. "Unakishikia mwavuli?"

Jumatano walifanya majaribio shuleni. Kidoti alileta ukurasa wake kwenye flashi. Ulipofunguliwa, kichwa cha habari kilitokea, maneno yakatokea, lakini pa gauni palikuwa na kisanduku kitupu.

"Kompyuta ya shule mbovu, mwalimu," Kidoti alisema upesi. "Nyumbani linaonekana vizuri kabisa."

"Mbona za wenzako zimefunguka kwenye hii hii?" Mwalimu alielekeza kalamu kwenye skrini. "Hebu niambie, mstari huu wa tisa una kazi gani?"

Kidoti akakodoa macho. Mstari ule hakuuandika yeye, ulijiandika. "Unapamba ukurasa?" akajaribu.

"Usibahatishe," mwalimu akasema. "Siku utakapojua, utaniambia."

Nyumbani mama alimpokea kwa swali: "Vipi, gauni langu limependeza?"

Kidoti alitaka kusema ndiyo. Ulimi ukakataa. "Halikutokea, mama. Na sijui kwa nini."

Mama alitoa pini mdomoni. "Afadhali umesema. Nguo ikikosewa hufumuliwa, mwanangu. Kafumue."

Alhamisi, shuleni, Kidoti alimwomba Kobe amwekee kile kihariri chepesi.

"Shikamoo, chekechea," Kobe akamtania, lakini alimsogezea kiti.

Kidoti akaanza upya. Aliandika mstari mmoja, akafungua ukurasa kuutazama. Akaandika mwingine, akatazama tena. Alipofika kwenye picha, hapakuwa na wa kummalizia. Ilibidi ajiulize mwenyewe: picha yenyewe iko wapi? Vidole vikasimama. Picha ilikuwa nyumbani, ndani ya kompyuta iliyo karibu na cherehani! Kwenye flashi alikuwa ameleta ukurasa peke yake.

Kengele ilipolia alikwenda nyumbani mbio na ukurasa wake mpya. Aliiweka picha na ukurasa katika folda moja, akaandika mstari wa tisa upya kwa mkono wake, akabeba folda nzima kwenye flashi.

Ijumaa chumba kilijaa wazazi. Zamu ya Kidoti ilipofika, aliifungua folda yake. Kichwa cha habari kikatokea. Maneno yakatokea. Kisha, likiwa kubwa kuliko mlango, likatokea gauni la buluu lenye kola nyeupe. Kidoti akashusha pumzi ndefu, na moyo ukarudi mahali pake.

"Fundi wa gauni hilo yupo humu?" aliuliza mama mmoja wa mstari wa mbele. "Nina mabinti wawili wanaoota kama mchicha!"

"Nipo, dada, nipo!" Mama yake Kidoti alisimama haraka hata mkoba ukamwanguka, watu wakacheka, naye akacheka kuliko wote.

Mwalimu alimshika Kidoti bega. "Kihariri kikubwa si kibaya. Kitakufaa ukishajua unachofanya. Anayeanza achague chepesi, kinachomwacha aandike mwenyewe na alione kosa lake. Na ukikosea, sema nimekosea. Usiisingizie kompyuta, maskini, haina mdomo wa kujitetea." Akatabasamu. "Haya sasa. Mstari wa tisa una kazi gani?"

"Unaiambia kompyuta ikaichukue picha wapi, mwalimu," Kidoti akajibu. "Ule wa kwanza uliituma nyumbani kwetu, na kompyuta ya shule haijui njia ya kwetu."