Daftari Lililojaa Nzuri

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Futi alifagia vipande vya vitambaa chini ya cherehani, akatia mashine matone mawili ya mafuta, kisha akamtungia mama yake uzi kwenye sindano. Futi halikuwa jina lake la kweli. Wateja walimbandika jina hilo kwa sababu tangu akiwa mdogo alitembea na futi ya kupimia nguo shingoni, na siku moja hata mwalimu wa darasa la sita alijisahau akamwita hivyo mbele ya wenzake.

Zamani mama yake hakuhitaji kutungiwa uzi. Alikuwa fundi anayejulikana mtaa mzima, na alitunga uzi huku akibishana na mteja, macho yake yakiwa mlangoni. Mwezi huu hakuweza tena, kwa sababu mikono ilikuwa inamtetemeka.

Mama alikuwa na ugonjwa wa akili. Nyumbani hawakuusema kwa sauti, lakini Futi aliujua tangu alipokuwa na miaka minane. Mwaka huo mama alikaa siku tano bila kulala, akijibizana na watu ambao hakuna mwingine aliyewasikia. Alilazwa miezi miwili. Futi alipelekwa kwa mama mdogo, akalala godoro moja na binamu watatu, na kila jioni akauliza kama kesho ndiyo mama anarudi. Mama aliporudi alianza kumeza dawa, na kwa miaka minne dawa zilimweka sawa kabisa. Kisha vipimo vikaonyesha kwamba dawa hizo zinampandisha sukari, na daktari akaamua kumbadilishia.

"Tunaanza na kidogo," daktari alisema. "Mwili ukizikubali, tutaongeza. Usipozikubali, niambieni mapema."

Muuguzi wa kliniki akampa Futi daftari jipya. "Wewe una mwandiko mzuri. Kila jioni mama akishameza, muulize habari ya usingizi, habari ya mikono na miguu, habari ya moyo. Andika anachokwambia."

Sasa, wewe unayesoma unatujua tulivyo. Mtu jino linamuuma, shavu limevimba, ukimuuliza habari anakujibu nzuri. Aliyefiwa jana anajibu salama, halafu ndipo anaongeza kwamba wamepata msiba. Nzuri inatangulia, shida inakuja nyuma yake. Ila kwenye daftari la Futi, shida hazikuja kabisa.

"Habari ya usingizi, mama?"

"Nzuri."

"Ya mikono na miguu?"

"Nzuri. Andika nzuri."

Mama aliyasema hayo akizunguka chumbani, mlangoni mpaka dirishani, dirishani mpaka mlangoni, maana miguu ilikuwa haimpi raha ya kukaa. Futi alishika kalamu bila kuandika.

"Lakini mama, mikono yako..."

"Futi, unataka wanilaze tena? Unataka kurudi kwa mama mdogo?"

Futi hakutaka. Aliandika nzuri, tena kwa mwandiko wa kupendeza.

Siku ya kliniki foleni ilifika nje, na daktari alikuwa amechoka tangu saa tatu. Alifunua daftari harakaharaka. "Habari, mama?"

"Nzuri, daktari." Mama alikuwa amekalia viganja vyake.

"Na binti anasemaje?"

Futi alitazama sakafu. "Hajambo."

"Basi mwili umezikubali," daktari alisema, na akaandika dozi mara mbili ya ile ya kwanza. Futi aliiona kalamu ikiandika. Ulimi ulikuwa wake, na hakuutumia.

Dozi mpya ilimlemea mama. Asubuhi alisinzia akiwa amekaa, taya likawa zito hata akawa anaongea kwa shida. Miguu ndiyo ilizidi. Mahali pekee ilipopata nafuu ni kwenye pedali ya cherehani, kwa hiyo mama alikanyaga bila kupumzika, na mashine ikakimbia kuliko mikono ilivyoweza kuongoza kitambaa. Wakati huo alikuwa na sare thelathini za kwaya za kumaliza.

Ilikuwa siku ya likizo, saa nne hivi. Futi alikuwa anashona vifungo pembeni. Aliona kichwa cha mama kinainama na miguu inaendelea kukanyaga, na kabla hajaita, sindano ilikuwa imepita kwenye ukucha wa kidole cha shahada ikatokea upande wa pili. Futi alizungusha gurudumu la mashine kwa mkono, taratibu, kurudi nyuma, mpaka sindano ikatoka. Damu ilienea kwenye kitambaa cheupe.

Mama hakulia. Alifunga kidole kwa kipande cha nguo, akachukua mfuko wa dawa na kuutia kwenye debe la takataka. "Basi. Kuanzia leo sizimezi."

Hapo Futi aliogopa kweli. Alizikumbuka zile siku tano. Aliona kwamba uongo aliouandika ili mama asilazwe ndio unaompeleka wodini.

"Mama, kidole kinahitaji kuoshwa na kufungwa vizuri," alisema. "Twende hospitali."

Mama akakubali kwa ajili ya kidole tu. Futi aliutoa mfuko wa dawa kwenye debe, akauficha pamoja na daftari ndani ya begi. Mama alipoingia chumba cha kufungia vidonda, Futi alivuka ua akaenda kwa muuguzi wa kliniki.

"Shikamoo. Daftari hili ni la uongo," alisema. "Nimeandika mimi."

Muuguzi aliacha alichokuwa anafanya. Futi akamweleza yote: mikono kutetemeka tangu siku ya nne, miguu, taya, kusinzia, sindano, na mfuko kwenye debe. Alimaliza akiwa analia.

Daktari aliitwa. Alimkuta mama akifungwa kidole, akamwomba anyooshe mikono mbele. Mikono ilitetemeka mbele ya watu wote.

"Nilisoma daftari nikaacha kukutazama," daktari alisema. "Hilo ni kosa langu, mama. Nitapunguza dozi, na nitakupa kidonge cha kutuliza mtetemeko na hiyo miguu. Lakini usiziache ghafla kwa uamuzi wako. Ukiziacha, ugonjwa unarudi."

"Atalazwa?" Futi aliuliza.

"Kwa kutetemeka? Hapana. Dawa nyingi husumbua zikibadilishwa. Kazi yangu ni kurekebisha, ila nikiambiwa."

Njiani mama alitangulia mbele. Mlangoni alisema neno moja tu, "Umenianika," akaingia ndani. Siku nne nzima alimpa Futi chakula bila kumtazama. Kiongozi wa kwaya alikuja, akatoa pole, akakusanya vitambaa vyake vyote isipokuwa kile chenye damu, na kesho yake sare zikawa zinashonwa kwa fundi wa mtaa wa pili. Futi aliyaona hayo na moyo ukamuuma, maana alijua angesema mapema yasingetokea.

Baada ya wiki tatu za dozi ndogo na kidonge kipya, miguu ilitulia. Mikono nayo ikatulia, isipokuwa asubuhi kidogo. Kidole kilipona lakini ncha yake ilikufa ganzi, na ndicho kidole ambacho mama alikitumia kupapasa kitambaa na kujua ubora wake. Daktari alisema huenda ganzi isiondoke.

Jioni moja mama akamwita. "Lete daftari."

Alilifunua ukurasa baada ya ukurasa. "Mwandiko ni wako, maneno ni yangu," alisema. "Nilikutisha mwanangu ili unisaidie kudanganya. Hilo ni langu, nisamehe. Lakini wewe nawe ulijua."

"Nilijua, mama. Niliogopa watakuchukua."

"Nami niliogopa hivyohivyo, na unaona tulipofika. Anayekutibu akikuuliza habari, mpe ile iliyopo, hata kama ni mbaya, hata kama mama yako amekukazia macho." Alimsogezea daftari. "Nguo ikikosewa tunafanya nini?"

"Tunafumua."

"Hata kama mwenyewe yuko mlangoni anasubiri?"

"Hata hivyo."

"Basi anza. Keshokutwa tunalirudisha kliniki likiwa na ukweli."

Futi alikata mstari juu ya nzuri ya kwanza, akaendelea mpaka akafika siku ya nne. "Mikono ilikuwaje?"

"Ilitetemeka. Nilishindwa kutunga uzi, nikajifungia chooni nikalia ili usinione."

Futi hakuwa amelijua hilo. Aliliandika lote, polepole, kisha akauliza, "Siku ya tano?"

"Vilevile," mama alisema. "Andika."