Toa Huo Wimbo, Mama Frida!

Mimi ndiye niliyesema simu iuzwe. Nasema mapema, ili baadaye mtu asije kunisuta.

Naitwa Castory. Navua dagaa hapa Kibirizi, Kigoma. Mke wangu ni Jovita, ila mtaa mzima humwita Mama Frida kwa jina la binti yetu. Tunaishi na mama yangu mzazi, bibi Yunisi. Mama hukamua mawese nyuma ya nyumba.

Mwezi ule ziwa lilifungwa. Serikali ilisema samaki wapumzike, wazaane. Miezi mitatu hakuna kuvua. Ni jambo jema, silipingi. Lakini tumbo halina likizo!

Kila asubuhi Jovita alikuwa anachukua video kwa simu yake. Mama akichemsha ngazi, yale matunda ya mchikichi, anarekodiwa. Mama akitwanga, anarekodiwa. Mama akiengua mafuta mekundu, anarekodiwa. Kisha Jovita anaziweka video kwenye chaneli yake ya YouTube. Kazi hiyo aliifanya miaka miwili. Watu zaidi ya elfu moja walikuwa wamejiunga na chaneli. Fedha? Hata senti moja hatukuiona.

"Mama Frida," nilimwambia, "simu haivui dagaa. Tuiuze, tununue unga."

Simu ile aliinunua mwenyewe, kwa kuuza kuku wake.

"Nipe mpaka Jumamosi," akasema.

Nikaenda kwa Hamdani, mwenye duka la majiko. Akakubali kuja Jumamosi kuinunua simu, naye akaiuze kwa faida. Roho iliniuma, lakini nilishasema, na mimi nikishasema huwa mkaidi.

Jumatatu alikuja jirani yetu Joanitha kununua mawese. Yeye ni afisa maendeleo ya jamii. Kwao ni Bukoba, alihamishiwa huku mwaka juzi.

"Hodi wenyewe! Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Pita," mama akajibu.

Joanitha akamwona Jovita ameshika simu, macho yamemwiva.

"Mdogo wangu, kuna msiba?"

"Hakuna msiba, dada. Niliomba chaneli yangu ianze kulipwa. Wamekataa. Nina mkosi mimi!"

"Mkosi wapi! Lete nione."

Akafungua video ya mama akitwanga ngazi. Wimbo wa bongo fleva ukalia kwa nguvu. Akafungua nyingine. Wimbo uleule! Akafungua ya tatu. Humo mlikuwa na mtu tusiyemjua, anapika samaki kwenye jiko tusilolijua.

"Na huyu ni nani?"

"Nilimkuta mtandaoni. Nikampenda, nikamweka."

"Haya. Na sauti yako wewe iko wapi?"

Jovita akainamisha uso.

"Dada, mimi nina lafudhi ya Kiha. Nikisema neno moja tu, watu wanajua nimetoka Kasulu. Watanicheka. Ndiyo maana naweka wimbo, unifunike."

Nilishangaa. Miaka miwili nilidhani anapenda muziki tu.

Joanitha akavuta kigoda, akakaa.

"Sikilizeni. Wimbo una mwenyewe. Ukiutia kwenye video bila ruhusa yake, fedha ya matangazo inaweza kwenda kwake. Au video inaweza kuondolewa. Na video ya kuokota, ndiyo kabisa. Wenye mtandao wanasema hii si kazi yako. Wewe ungekubali mtu achukue mawese ya mama, ayatie kwenye dumu lake, auze?"

"Nitampiga mwiko!" mama akasema kutoka jikoni.

"Lakini ana watu elfu moja, shemeji," nikasema. "Hawatoshi?"

"Watu anao. YouTube wanataka watu elfu moja waliojiunga. Pia wanataka video ziwe zimetazamwa saa elfu nne ndani ya mwaka. Hapo ndipo unaweza kuomba mgawo kamili wa matangazo. Jovita amevifikisha vyote, kilichomkwamisha ni kazi za watu. Na masharti hubadilika, kwa hiyo someni wenyewe, msisikilize maneno ya kijiweni. Jovita, futa video za kuokota. Toa wimbo. Ukisharekebisha, subiri siku thelathini tangu walipokukataa, kisha omba tena."

"Siku thelathini!" nikasema. "Simu inaondoka Jumamosi!"

Jovita akageuza uso. Joanitha akanitazama kama afisa anavyomtazama mtu aliyetupa takataka barabarani.

"Kwani matangazo ya mtandao ndiyo njia pekee? Hayo mawese yanauzwa, hayauzwi? Video inaweza kuuza bidhaa yenu wenyewe, kuanzia kesho. Mfanyabiashara naye anaweza kukulipa umtangazie bidhaa yake. Wengine wanauza bidhaa za watu, wanapata kamisheni. Wengine wanafundisha mapishi kwa malipo. Wengine wanakwenda laivu, na watazamaji wanawatumia zawadi."

"Ninyi watu wa Bukoba kwa kujua!" nikamtania.

"Na ninyi Waha kwa ubishi!" akajibu, akacheka. Kisha akawa makini. "Msinunue wafuatiliaji wa uongo. Na mtu akisema, nipe neno lako la siri nikukuzie chaneli, huyo ni mwizi. Mkimbieni."

Usiku ule Jovita alifuta video za kuokota, akautoa wimbo kwenye zilizobaki. Jumanne asubuhi alisimama nyuma ya nyumba. Simu aliiegemeza kwenye ndoo.

"Mwakeye," akasalimia kwa Kiha, taratibu. "Mimi ni Jovita wa Kibirizi. Leo tuna..."

"We Jovita we!" mama akapiga kelele. "Unaongea na ndoo, na moto unawaka hivyo? Punguza kuni! Utaunguza mawese ya watu! Yebaba we!"

Jovita akacheka mpaka akashika mbavu. Mama naye akacheka. Hakukuwa na wimbo. Tulisikia kuni zikilia, mafuta yakichemka, na mama akigomba. Jovita akaiweka video hivyohivyo, na mwisho akaandika bei ya mawese na namba ya simu ya biashara.

Nikasema moyoni, sasa ndiyo tumechekesha dunia.

Kweli watu walicheka. Lakini walicheka vizuri! Mtu mmoja wa Dar es Salaam aliandika: "Hiyo ni sauti ya bibi yangu kabisa. Nimelia kazini." Mwingine wa Tabora aliandika: "Sijaonja mawese ya kweli mwaka wa tatu. Nitayapataje?" Mwingine aliuliza tu: "Bibi atagomba tena lini?"

Jumatano simu ikaita. Alhamisi ikaita tena na tena. Mimi nilikuwa napokea, Jovita anaandika majina, Frida anaosha madumu. Mteja akishalipa, tunalipeleka dumu kwenye basi. Kufika Ijumaa tulikuwa tumetuma madumu manane ya lita tano! Nilipanda kilima cha kwenda stendi na dumu kila mkono, natoka jasho, naimba.

Jumamosi ikafika. Na Hamdani akafika.

"Castory, fedha hii hapa. Simu iko wapi?"

Nikakuna kichwa. "Ndugu yangu, simu haiuzwi tena."

"Ahadi ni deni, Castory! Nimeacha duka langu kwa ajili yako!"

Wakati huohuo mama akatoka jikoni. "Nani anapiga kelele kwangu?"

Hamdani akamtumbulia macho. "Ala! Si ndiye bibi wa mawese? Mke wangu ananionyesha video yake tangu Jumatano!"

Jovita hakupoteza nafasi. Yule aliyeogopa sauti yake akasimama mbele ya Hamdani na kuongea.

"Kaka Hamdani, umeona bibi anapikia mafiga. Mimi pia moshi unaniliza. Una majiko banifu dukani. Lete moja, bibi alitumie mbele ya watu. Utanilipa kazi ya tangazo."

"Nikulipe? Nimekuja kununua simu, niondoke nimelipa tangazo?"

"Simu ungeiuza mara moja tu. Tangazo litakuletea wateja wengi. Lakini nitasema wazi kwamba nimelipwa. Na jiko likiwa bovu, nitasema ni bovu."

Hamdani akanigeukia. "Castory, huyu mkeo alikuwa wapi siku zote?"

"Alikuwa chini ya wimbo," nikasema.

Akahesabu nusu ya fedha aliyokuja nayo, akampa Jovita mkononi. Jumatatu jiko likaja. Mama aliligomba siku nzima, kisha akakataa kurudi kwenye mafiga.

Joanitha alitusisitiza tusifanye kienyeji. Jovita akaenda kuuliza ofisi ya kodi, na akauliza pia kama kazi yake inahitaji kibali. Siku thelathini zilipopita, akaomba tena kulipwa. Tukasubiri. Mimi, niliyetaka kuuza simu, ndiye niliyeamka kila alfajiri kuitazama!

Siku ya tisa ujumbe ukaja. Jovita akausoma mara mbili. Akapiga kigelegele mpaka majirani wakatoka nje.

"Wamekubali! Baba Frida, wamekubali!"

Nikamkumbatia mbele za watu, bila aibu.

Joanitha alitukumbusha tusiwe na haraka. Fedha ya matangazo haitumwi mpaka ifike dola mia moja. Kwetu ilichukua miezi mitano, na wakati huo mimi nilikuwa nimesharudi ziwani. Katikati hapo tulikula mawese na tangazo la jiko.

Lakini siku ile ya ujumbe hatukuwaza miezi. Mama alitoka jikoni na mwiko wake, akakuta tunarukaruka.

"Wamesemaje hao wa mtandao?"

"Wamesema wameridhika, mama," Jovita akamwambia. "Wamesema hii ni kazi yetu wenyewe."

Mama akatutazama, kisha akaitazama simu.

"Kwani walidhani ni kazi ya nani?"