Dakika Ishirini na Tano kutoka Eldoret

"Elfu tisini, Laban! Kwa dakika ishirini na tano za ndege!"

"Pesa ni zangu, Joram. Wewe fungua mlango tuingize jeneza."

Jua lilikuwa linazama nyuma ya uwanja wa ndege wa Kisumu. Joram, dereva wa gari la maiti, alikuwa amenuna tangu aambiwe kazi yake inaanzia hapa badala ya Eldoret. Laban hakumjali. Kutoka Eldoret kwa ndege ni kilomita themanini hivi. Kwa barabara ni zaidi ya mia, na kwao maiti hakimbizwi: kila daraja gari husimama, mtu wa damu yake hushuka, humwita kwa jina, humwambia, tunavuka, twende. Safari ya saa tatu inakuwa sita. Laban alikuwa mtu wa kusema kweli usoni, mwepesi wa hasira, na desturi hiyo aliiona upuuzi mtupu. Zadock, mdogo wake aliyefia Eldoret, angezikwa nyumbani kwao Luanda Kotieno kesho asubuhi. Basi.

"Lakini ulimwita?" Joram akauliza.

"Nani?"

"Zadock. Mlipopita juu ya mito."

"Angani kuna mito gani, bwana? Mimi nililala."

Joram hakucheka. Alishika upande wa kichwa, Laban akashika miguuni. Wakainua.

Jeneza lilipanda kama sanduku tupu la nguo.

Laban alichungulia kwenye kioo. Suti ya kahawia. Mikono imekunjwa kifuani.

"Si huyu hapa? Yumo."

"Mwili umo," Joram akasema polepole.

Walipopita Kisian giza lilikuwa limeingia. Ndani ya gari kulianza kunuka mvua... mvua ya kule juu Eldoret, ya udongo mwekundu na baridi. Nje, barabara ilikuwa kavu.

Kisha simu ikalia.

Ilikuwa mfukoni mwa Laban. Simu ya Zadock. Laban aliizima mwenyewe siku tatu zilizopita, akatoa na laini.

"Usishike," Joram akanong'ona.

Akashika.

Upepo. Miguu ikikanyaga matope... chwa... chwa...

"Omera, ndugu yangu Laban... mbona mmeniacha? Nimeona ndege ikipaa. Nikabaki nimesimama pale uwanjani."

Sauti ya Zadock. Anahema.

"Sasa niko mtoni. Siwezi kuvuka. Hakuna aliyeniita."

"Zadock! Vuka! Vuka, twende!" Laban alipiga kelele.

Simu ilikuwa imezimika. Kioo cheusi, baridi kama jiwe.

"Tugeuze?" Joram akauliza.

"Kaburi limechimbwa. Watu wanangoja. Endesha!"

Joram akaendesha hadi Luanda Kotieno. Lango la nyumbani lilikuwa wazi, taa za jenereta zikiwaka, akina mama wakilia. Mama yao alikuja mbele, akaweka kiganja kwenye jeneza. Kilio chake kikakatika ghafla. Akaondoa mkono kama aliyeungua.

"Laban. Wewe hujawahi kunidanganya. Umemleta mwanangu?"

Laban alitazama jeneza.

Mfukoni, simu ikalia. Hakuigusa. Ikajipokea yenyewe, na sauti ikatoka kubwa, mbele ya watu wote, na nyuma yake mto ukinguruma.

"Umeleta mwili tu, Laban. Safari yangu bado ni deni lako. Rudi Eldoret, uje kwa barabara, uniite kwenye kila mto. Nataka usiku huu."